Sampuli Isife Njiani: Maelezo kwa Watumiaji wa Huduma za Maabara Kando ya Ziwa Victoria

Mmezoea kutusikia tukizungumzia mizani ya sokoni, dawa zilizopitwa na wakati na vipodozi vyenye viambato vilivyokatazwa. Katika mambo hayo yote mlaji hununua kitu kilichotengenezwa na mwingine. Leo tunazungumzia kitu ambacho mlaji hukitoa mwilini mwake mwenyewe, hukikabidhi kwa mtu mwingine, kisha hulipa fedha ili kichunguzwe. Kitu hicho ni sampuli. Tutajikita zaidi katika sampuli zinazochukuliwa kwa kijiti chenye pamba au nyuzi laini nchani, ambacho wataalamu hukiita swabu. Hicho ndicho kinachopitishwa kwenye kidonda, kooni, puani, ukeni au katika njia ya haja kubwa, ili kukusanya vimelea vinavyodhaniwa kuleta ugonjwa.

Neno tunalotaka mwondoke nalo ni moja: mgonjwa halipii kijiti, hulipia jibu, na jibu haliwezi kuwa bora kuliko sampuli iliyofika mezani kwa mtaalamu. Darubini nzuri na daktari bingwa hawawezi kufufua kimelea kilichokufa njiani.

Kwa nini tunasema hayo hapa

Wakazi wa Mwanza na visiwa vyake wanaifahamu safari. Zahanati na vituo vya afya vingi hufanya vipimo vya haraka, lakini kipimo cha kuotesha vimelea huhitaji maabara yenye vifaa na wataalamu wa kazi hiyo. Kwa sababu hiyo sampuli nyingi huelekezwa mjini, katika hospitali kubwa kama ile ya Kanda ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, au katika maabara nyingine zenye uwezo huo.

Tuchukulie mvuvi wa kisiwa cha Ukara ambaye mguu wake umechomwa na mwiba wa samaki, na kidonda kimetunga usaha usiokoma. Sampuli yake ikichukuliwa saa 2 asubuhi, itavuka kwa kivuko hadi Bugolora, itapita barabarani hadi Nansio, itangoja meli, kisha itakaa majini kwa muda wa saa 3 hivi kabla ya kuiona bandari ya Mwanza. Meli ikiwa imekwisha kuondoka, sampuli hulala. Muda wote huo jua linawaka, kijiti kinakauka, na kile kilichochukuliwa kidondani kinabadilika.

Samaki na sampuli

Hapa mwaloni hakuna asiyejua kwamba sangara aliyetolewa majini alfajiri na kuachwa juu ya mawe hadi adhuhuri si sangara yuleyule. Mnunuzi humtazama macho, humbonyeza nyama, humnusa, kisha hushusha bei au huondoka. Sampuli iliyoharibika haina dalili hizo. Kijiti kilichokauka kinafanana na kijiti kizuri, na mgonjwa hana namna ya kukibonyeza.

Tena kuna tofauti kubwa kati ya vitu hivi viwili. Samaki huhifadhiwa ili nyama yake isioze; kwamba yeye mwenyewe amekufa hakumsumbui mtu. Sampuli ya kuotesha huhifadhiwa ili kilichomo kisife, na wakati huohuo kisizaliane kupita kiasi. Kikifa, maabara itaandika kwamba hakuna kimelea kilichoota, na mgonjwa ataambiwa hana maambukizi ilhali anayo. Kikizaliana, au bakteria wa kawaida wa ngozi wakimea na kukifunika kile kinachotafutwa, mgonjwa atatibiwa ugonjwa asio nao. Ndiyo maana mtu anayesukuma sampuli ndani ya kasha la barafu la samaki, kwa nia njema kabisa ya kuitunza, anaweza kuwa ameiharibu: kugandishwa huua bakteria wengi, na maji ya barafu hufuta maandishi ya lebo.

Adui za sampuli

Adui wa kwanza ni ukavu. Bakteria waliozoea unyevu wa mwili hufa upesi juu ya kijiti kikavu. Wa pili ni joto. Gari lililoegeshwa juani na madirisha yamefungwa hupata joto kali kuliko hewa ya nje. Wa tatu ni muda. Kanuni ya jumla inayofuatwa na maabara ni kwamba sampuli isiyo na kihifadhi ifike ndani ya saa 2 tangu ilipochukuliwa. Wa nne ni dawa: mgonjwa akianza kumeza antibiotiki kabla ya sampuli kuchukuliwa, dawa huweza kuzuia bakteria wasiote maabara ingawa bado hawajaisha mwilini. Wa tano ni uchafu unaotoka kwenye mikono, kwenye ngozi iliyo jirani au kwenye chombo kisichotakaswa.

Adui wa sita ni msaada usiofaa. Kuna wanaotumbukiza kijiti ndani ya spiriti wakidhani wanakisafisha. Wengine hutumia fomalini kwa kuwa wameiona ikihifadhi vipande vya nyama ya mwili baada ya upasuaji. Fomalini hufaa pale mtaalamu anapotaka kutazama umbo la chembechembe za nyama; kwa kuotesha vimelea, spiriti na fomalini ni sumu.

Rojo linalohifadhi uhai

Tatizo hili la safari ni la zamani, nalo lilitafutiwa dawa. Mwaka 1954 Stuart na wenzake walieleza rojo laini la kusafirishia sampuli. Mwaka 1964 Cary na Blair wakatoa lao, lililofaa hasa kwa sampuli za haja kubwa. Na mwaka 1967 Amies akaliboresha lile la Stuart. Majina hayo yangali yameandikwa kwenye vifuko vya swabu hadi leo, na mtumiaji wa huduma anaweza kuyasoma mwenyewe.

Rojo hizo hufanya kazi kwa njia inayoeleweka kwa urahisi. Zina unyevu unaozuia ukavu na chumvi zinazotuliza hali ya asidi, lakini hazina lishe ya kuwanenepesha bakteria. Kimelea hukaa humo kama msafiri aliyepewa maji bila chakula: haongezeki, lakini anafika. Baadhi ya rojo za Amies huwa nyeusi kwa sababu zimetiwa unga wa mkaa, ambao hunyonya sumu zinazoweza kuua bakteria dhaifu. Weusi huo si uchafu, wala si dalili kwamba swabu imeharibika. Kwa kutumia rojo, sampuli nyingi za bakteria zinaweza kungoja hadi saa 24, na baadhi hadi saa 48, ingawa kuwahi ni bora siku zote.

Kijiti chenyewe nacho kina maana yake. Pamba ya kawaida na vijiti vya mti vinaweza kuwa na kemikali zinazowadhuru bakteria dhaifu, kama wale wa kisonono. Kwa hiyo pamba ya kusafishia masikio iliyonunuliwa dukani si mbadala wa swabu ya maabara. Swabu halali hufungwa moja moja, imetakaswa, na kifuko chake kina tarehe ya mwisho wa matumizi. Kifuko kilichotoboka au kilichopitwa na tarehe kikataliwe.

Kila sampuli na desturi yake

Hakuna kanuni moja ya ubaridi inayofaa sampuli zote, na hapa ndipo makosa mengi hutokea.

Sampuli ya kidonda: mtoa huduma husafisha kwanza kidonda kwa maji ya chumvi yaliyotakaswa, kisha huchukua sampuli ndani, penye nyama hai. Usaha wa juu una bakteria wengi wapitanjia. Pale usaha unapoweza kuvutwa kwa bomba la sindano, usaha huo huwa sampuli bora kuliko swabu.

Sampuli ya kisonono: isiwekwe kwenye jokofu, kwa kuwa bakteria wake hawastahimili baridi. Ifike mapema iwezekanavyo.

Maji ya uti wa mgongo na chupa za damu ya kuotesha: hizi si swabu, lakini ndugu wa mgonjwa hukabidhiwa wazipeleke. Zisitiwe kwenye jokofu wala barafu kabla ya kuoteshwa. Zibaki katika joto la kawaida la chumba, mbali na jua.

Mkojo: huu ni kinyume chake. Usipofika maabara ndani ya saa 2, uwekwe kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Katika hali nzuri kwake, bakteria wa E. coli huweza kugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Hata kasi hiyo ikipungua kwa nusu, bakteria 1,000 katika mililita moja huvuka 100,000 kabla ya saa 5 kutimia. Na 100,000 ndicho kiwango ambacho kwa miaka mingi kimetumiwa kutambua maambukizi ya njia ya mkojo. Mtu asiye na ugonjwa anaweza kuandikiwa dawa kwa sababu tu ya chombo kilichokaa juani.

Swabu za virusi, kama zile za pua na koo mlizozifahamu wakati wa UVIKO-19: hutumia kimiminika chake maalumu, si rojo la bakteria, na hukaa katika nyuzi 2 hadi 8 kwa muda usiozidi saa 72. Zikitakiwa kukaa zaidi ya hapo, hugandishwa kwenye majokofu ya baridi kali, kazi ambayo ni ya maabara.

Kipindupindu

Tunalitenga jambo hili peke yake kwa sababu linaugusa mwalo mzima. Kipindupindu kiliripotiwa nchini Tanzania kwa mara ya kwanza mwaka 1974, na mlipuko ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulienea katika mikoa mingi ya nchi. Katika kambi za uvuvi, ambako watu hukusanyika kwa msimu na wengi hunywa maji ya ziwa, mgonjwa mmoja asiyetambuliwa ni hatari kwa kambi nzima.

Mgonjwa wa kuharisha maji mengi asingojee jibu la maabara ndipo atibiwe. Apewe maji yenye chumvi na sukari maalumu, yaani ORS, tangu nyumbani, na awahishwe kituoni mara moja. Hata hivyo sampuli inahitajika, kwa kuwa ndiyo inayothibitisha mlipuko na kuonyesha ni dawa gani ingali ikifanya kazi. Bakteria wa kipindupindu hufa upesi wakikauka, lakini ndani ya rojo la Cary na Blair huweza kuishi siku kadhaa katika joto la kawaida, bila barafu. Hii ni habari njema kwa visiwa visivyo na umeme wa uhakika: kukosekana kwa jokofu si sababu ya kuacha kutuma sampuli hiyo. Kinachohitajika ni rojo, kifuniko kilichokazwa na kivuli.

Ufungaji na safari

Mtu yeyote anayebeba sampuli, awe mhudumu, dereva wa bodaboda au ndugu wa mgonjwa, anastahili kulindwa. Utaratibu unaotumika duniani ni wa vifungashio vitatu. Cha kwanza ni bomba lenyewe, lililofungwa bila kuvuja. Cha pili ni mfuko au kopo lisilopitisha maji, ndani yake mkiwa na kitu cha kunyonya ili bomba likipasuka majimaji yasitoke. Cha tatu ni kasha gumu la nje. Sampuli za kawaida za wagonjwa huwekewa alama yenye maandishi UN 3373. Pakiti za barafu, pale zinapotakiwa, zisigusane moja kwa moja na bomba. Fomu ya maombi ya kipimo iwekwe nje ya kifungashio cha pili, isilowe wala kuchafuka.

Kwa magonjwa yanayoua kwa kasi, kanuni ni kali zaidi. Mwezi Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa mkoani Kagera, na Januari 2025 ukathibitishwa tena mkoani humo, wilayani Biharamulo. Sampuli ya mgonjwa anayeshukiwa kuwa na ugonjwa wa namna hiyo isichukuliwe wala kubebwa na mwananchi kwa hali yoyote. Toeni taarifa, nanyi waachieni wataalamu waliofunzwa.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na sampuli ni mali. Lebo iandikwe juu ya bomba lenyewe, si juu ya kifuniko kinachoweza kubadilishwa. Iwe na jina kamili la mgonjwa, umri au namba yake, sehemu ya mwili iliyochukuliwa sampuli, tarehe na saa. Saa ni muhimu kama jina, kwa kuwa bila hiyo maabara haiwezi kujua sampuli ina umri gani. Neno “usaha” pekee halitoshi. Usaha wa sikio na usaha wa mguu hutafutiwa vimelea tofauti.

Jitihada za kufupisha safari zipo. Mwaka 2018 ndege ndogo isiyo na rubani ilijaribiwa kupeleka dawa Ukerewe, ikiruka kilomita 60 juu ya ziwa kwa dakika 40 hivi. Mwezi Juni 2025 lilizinduliwa Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa takribani kilomita 3, na wasafiri wa Sengerema hawalazimiki tena kungoja kivuko. Dakika zilizookolewa darajani ni uhai wa sampuli. Lakini daraja haliwezi kumsaidia mtu ambaye sampuli yake ilisahauliwa mezani tangu asubuhi.

Maswali mnayostahili kuuliza

Tunawashauri mwulize maswali haya kwa heshima, bila kuona haya. Mtaalamu mzuri huyafurahia.

Je, sampuli ichukuliwe kabla sijaanza dawa? Ikiwa nimekwisha kumeza dawa, hata nilizonunua dukani bila cheti, imeandikwa kwenye fomu?

Swabu hii imo ndani ya rojo au ni kavu, na inafaa kwa kipimo nilichoandikiwa?

Itaondoka saa ngapi, kwa chombo gani, na itafika lini? Ikiwa leo hakuna meli, je, nirudi kesho ichukuliwe nyingine?

Iwekwe kwenye ubaridi au isiwekwe?

Maabara inayopokea imesajiliwa? Maabara binafsi za afya nchini zinasimamiwa kwa sheria ya mwaka 1997 kupitia Bodi ya Maabara Binafsi za Afya, na cheti cha usajili ni kitu cha kuonyeshwa.

Sampuli ikikataliwa, nitaarifiwaje, na gharama ya kurudia ni ya nani? Ni vyema jambo hili likajulikana kabla ya kulipa, na stakabadhi ikatunzwa.

Hapo tungependa muelewe kwamba maabara inayoikataa sampuli iliyovuja, isiyo na lebo au iliyochelewa haimnyanyasi mgonjwa. Kiwango cha kimataifa cha ISO 15189 kinaitaka maabara iwe na masharti ya kupokea na kukataa sampuli. Anayekataa sampuli mbovu anawaepusha na jibu bovu. Wa kuogopwa ni yule anayepokea kila kitu.

Kulisoma jibu

Kipimo cha kuotesha hakimaliziki kwa saa moja. Bakteria wa kawaida huhitaji saa 18 hadi 24 ili waonekane, na kipimo cha kujua dawa inayowaweza huongeza takribani siku nyingine. Mtu akikukabidhi jibu la kuotesha siku ileile uliyotoa sampuli, muulize ni kipimo gani alichokifanya.

Jibu likisema kwamba hakuna kimelea kilichoota na kidonda kingali kinatoa usaha, msilichukue jibu hilo kuwa hukumu ya mwisho. Rudini kwa daktari mkiwa na tarehe na saa za kuchukuliwa na kupokelewa kwa sampuli. Huenda hakuna bakteria kweli. Huenda pia walikufa kati ya Nansio na Mwanza. Tofauti kati ya mambo hayo mawili ni kubwa. Mgonjwa aliyepata jibu la uongo hubadilishiwa dawa kwa kubahatisha, hutumia fedha asizo nazo, na bakteria wanaobaki hujifunza kuzishinda dawa zilezile ambazo kesho mtoto wa jirani atazihitaji. Hivyo ndivyo usugu wa dawa unavyokua: si hospitalini tu, bali hata juu ya sitaha ya meli, ndani ya mfuko uliosahauliwa.

Ndugu wananchi, hatuwaombi mwe wataalamu wa maabara. Tunawaomba muitunze sampuli kwa uangalifu uleule mnaoutumia kumfikisha sangara kiwandani akiwa bora, huku mkikumbuka kwamba kanuni zake ni nyingine. Ulizeni kabla ya kulipa, andikeni saa, kingeni jua, wahini. Sampuli iliyofika salama humpa daktari nafasi ya kutibu ugonjwa uliopo.